Kwa Baba, Kuhusu Kona ya Nyoka

Bugarama, Ngara
Jumapili, baada ya Misa

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe kwa niaba yako, tena kwa sauti nzito ya kwako, mpaka Mama akatoa kichwa jikoni kuangalia ni nani aliyekuja. Nimemwambia nakuandikia barua. Ameniuliza itafika kwa njia gani, nikasema sijui. Akasema basi niandike kwa mwandiko unaosomeka, maana wewe mwandiko wangu ulikushinda tangu nikiwa darasa la pili.

Kwanza habari za nyumbani. Sote wazima. Yasinta mke wangu anakusalimu, watoto wanakusalimu. Yule kuku mwekundu uliyeapa kumchinja kwa kufukua miche yako ya kahawa amehamia kwenye kiti chako. Siyo kwamba anakipandia na kushuka, amehamia kabisa, na ameanza kutagia hapo. Hakuna aliyethubutu kumtoa. Tukipita tunampisha, na jirani mmoja aliyekuja kutoa pole jioni, taa haijawashwa, alimwamkia.

Mama je? Unakumbuka alivyokuwa akisema mpira wa redioni unamtoboa masikio? Siku hizi ikifika saa ya mechi anawasha redio yako mwenyewe, anaisogeza karibu na beseni, anamenya ndizi. Hasikilizi. Juzi nilimwuliza nani na nani wanacheza, akanijibu, "Nijuaje mimi? Wanapiga kelele tu." Nikanyoosha mkono kupunguza sauti, akanitazama mpaka nikaurudisha mkono wangu mahali pake. Baba, nyumba hii ina kimya ambacho hatukujua kama kipo. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa umekizuia.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi ijayo tunamaliza msiba. Ukoo wote utakuja, pombe ya ndizi imeshaanza kuchacha, na mimi kama mrithi nitavishwa koti lako na kukalishwa kwenye kiti chako, baada ya kuku kutafutiwa makao. Kisha nitasimama kueleza habari zako mbele ya watu. Na unajua vizuri watu wa Bugarama wanangoja habari gani. Hawangoji ulizaliwa wapi wala ulibatizwa na padri gani. Wanangoja ile hadithi.

Unaijua, maana ni ya kwako. Wewe ni kijana, unafanya kazi Mashineni, huko Biharamulo, mji ambao katika maisha yako yote hukuwahi kuuita mji. Ulikuwa ukiuita Jiji. Jijini kulikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, kiwanda cha mafuta na kiwanda cha mbao, kulikuwa na taa usiku kucha, na kulikuwa na king'ora kilichowaambia watu saa ya kuamka na saa ya kula. Ni fainali. Kiwanda chenu cha pamba dhidi ya kiwanda cha mbao. Hakuna aliyefungwa, na refa ameanza kuangalia saa. Unapewa mpira. Unamtoka beki wa kwanza, na hapo ulikuwa ukisimama kabisa na kikombe chako mkononi. Unamtoka wa pili, anakaa chini kwa makalio. Unashuka upande wa kulia, watu wamejaa juu ya marobota ya pamba wanapiga kelele, unafika kwenye kona, unainua kichwa...

Halafu ulikuwa unakaa. Unakohoa. Unasema, "Haya, nani ameona kikombe changu?" Kikombe kiko mkononi.

Tangu nipate akili sijawahi kuivuka ile kona. Tulikubembeleza, ukakataa. Tulikuvizia ukiwa umelewa, lakini ukilewa ulikuwa unafika kwenye kona mapema zaidi, basi, ndiyo tofauti pekee. Wengine walisema goli liliingia na wewe ni mnyenyekevu. Hao walikuwa wachache, na hawakukufahamu. Wengi walisema ulikosa. Mzee Kalebu, jirani yako na adui yako wa bao, alisema hakuna kona, hakuna fainali, na hilo Jiji lenyewe hakuna, ulikuwa unafagia godauni mahali fulani na kuota.

Na siku ya mazishi yako, Baba, Kalebu huyohuyo, koleo mkononi, machozi yanamtoka kwelikweli, aliinama juu ya kaburi akauliza kwa sauti, "Sasa jamani, lile goli liliingia au halikuingia?" Watu wakacheka. Padri alicheka. Na mimi nilicheka, halafu nikiwa katikati ya kicheko ikaniuma. Niliona wazi kwamba siku ya kumaliza msiba nitasimama na koti lako, nitafika kwenye kona, na nisipokuwa na la kuendelea, watu watakwenda nyumbani wakiamini kwamba baba yangu alikuwa mwongo mchangamfu. Mchangamfu ni sawa. Hilo la kwanza sikulitaka.

Kwa hiyo katekista Anselmi aliposimama mwisho wa sala ya jumuiya akatangaza safari ya kutembea Mashineni, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Vijana wa huko wamepafungua pale mahali kwa wageni. Unatazama mitambo ya zamani, mnachezeana ngoma, mnatembea porini kuona mizinga ya nyuki, na jioni maveterani wa wageni wanacheza mpira na maveterani wa wenyeji. Nilisema moyoni, sawa, nakwenda kuchukua mwisho wa hadithi ya Baba.

Wa pili kunyoosha mkono alikuwa mama mkwe wangu.

Jina lake silitaji, barua ni barua hata kama haina posta. Wewe unanielewa kuliko mtu yeyote. Sisi wa siku hizi tumelegeza kidogo: namwamkia kwa mbali nikitazama vidole vyangu vya miguu, simpi mkono, sili mbele yake. Lakini nimelelewa na wewe. Nimemwona Bibi, mama yake Mama, akija kututembelea kutoka Kibimba, na wewe, mwenye nyumba, ukitokea mlango wa nyuma kuingia migombani. Nakumbuka siku ya mvua ile kubwa. Bibi anakula taratibu ndani, wewe umesimama chini ya mgomba na jani kichwani, unatetemeka, na sisi watoto tunapeleka maneno. "Mwambieni mwenye nyumba ng'ombe wake wamenona." "Mwambieni mgeni anashukuru." Mlikuwa mnasikiana vizuri kabisa, ukuta wenyewe wa udongo, lakini bila sisi kati yenu mazungumzo yasingekwenda. Na kila akija alikuwa na kibuyu cha pombe iliyochujwa vizuri, anatukabidhi akisema, "Mpelekeeni mwenye mbio." Sisi tulidhani anakucheka kwa jinsi ulivyokuwa ukitimua kwenda migombani.

Basi safari. Basi dogo la kukodi, mimi mbele kwa dereva, mkwe wangu kiti cha nyuma kabisa, na katikati jumuiya nzima na mikungu ya ndizi, kwa sababu akina mama walikuwa wamekubaliana kwamba Biharamulo watu wanakula ugali na hatuwezi kujua utatufanya nini. Kuanzia Rulenge mpaka Nyakahura shingo yangu haikugeuka hata mara moja. Nyakahura ikabidi niulize kama mtu yeyote anataka kushuka kujinyoosha. Nikamwuliza Anselmi, Anselmi akamwuliza yeye, jibu likarudi kwa njia ileile. Dereva, kijana wa mjini, aliniuliza kama nyuma tumebeba mgonjwa.

Tulipita Lusahunga, tukakata kuelekea pande za Nyantakara, vilima vyetu vikaisha, migomba ikapungua, tukaingia kwenye miyombo na vumbi jekundu. Kisha dereva akasema, "Ndiyo hapa."

Baba, nakupenda, lakini lile si Jiji.

Ni barabara moja. Kuna bomba la moshi lililosimama peke yake na kiota cha korongo juu. Kiwanda cha mbao kimebaki sakafu, watu wanaanikia mihogo. Kiwanda cha mafuta kuna mbuzi. Ghala lenu la pamba lipo zima, paa lote, na ndani yake vijana wameweka benchi na jukwaa la ngoma. Mitambo yako ya kuchambulia ipo pembeni, imepakwa rangi ya bluu ili ipendeze wageni, na binti mmoja mchangamfu alitueleza inavyofanya kazi. Niligusa ile roda kubwa, gurudumu la mkanda, uliyokuwa ukisema ilikula mkono wa shati lako. Mkono wa shati haukuwapo, lakini nilitazama.

Ngoma tuliwashinda, hilo lazima ujue. Wao walikuwa na mikogo mizuri ya kuchezea, ila ngoma zetu zilipoanza, mbuzi wote walitoka kiwanda cha mafuta wakahamia ng'ambo ya barabara. Porini tulikula asali ikiwa ndani ya masega. Anselmi alitaka kuuona mzinga kwa karibu ili apate mfano wa mahubiri, na mfano alioupata ulimvimbisha jicho moja na sikio. Tukarudi uwanjani saa sita, tumekaa chini ya ukuta wa ghala tunasubiri huo ugali, ndipo kikalia.

King'ora. Kijana mmoja anakizungusha kwa mkono, wanakiliza bado kila siku saa ya kula, kwa mazoea tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituamsha? Unasimama mlangoni alfajiri, mikono mdomoni, unaanza chini kabisa tumboni halafu unapanda, unapanda, mpaka mbwa wa Kalebu anajibu. Kilikuwa ni hichohicho, Baba. Kinaanza vilevile, kinakwaruza mahali palepale katikati ambapo tulidhani ni kikohozi chako. Kumbe hukuwa unakohoa, ulikuwa unakiiga sawasawa. Mimi nilijikuta nimesimama, natafuta jembe. Nilipotambua niko wapi nilikaa tena na kulia mbele ya jumuiya yote, mtu mzima mwenye kitambi, kwa sababu ya kengele ya chakula. Anselmi aliwaambia wenyeji kwamba nina njaa sana. Nilimshukuru kwa uongo huo. Waliniletea ugali wa kwanza.

Baada ya kula akaja mzee mmoja, Mzee Lufunga, mlinzi wa ghala, na ndiye anayewazungusha wageni uwanjani. Kumbe alikuwa golikipa wenu. Sikujitambulisha. Nilitaka nisikie kwanza, maana mtu akijua wewe ni mtoto wa marehemu anaanza kukupaka sukari. Akatuonyesha magoli, akatuonyesha mahali pa marobota, kisha akafika pembe ya kulia, akapiga chini kwa fimbo yake.

"Hii tunaita Kona ya Nyoka."

Nikasogea mbele nimsikie vizuri.

"Turikuwa na winga," akaanza, na sasa nakupa maneno yake mwenyewe, "mtu wa Ngara huko. Mbio zake! Fainali, anashuka hivi, kipa wa mbao ameshatoka, goli liko wazi, hata bibi yangu angefunga. Kafika hapahapa. Akasimama ghafla. Akauacha mpira. Akaruka juu ya marobota, akajichimbia kwenye pamba, hata viatu havionekani! Sisi tukajua ni nyoka. Tukachukua fimbo, watazamaji wakakimbia, refa akakimbia. Wale wa mbao hawakukimbia. Wakauchukua mpira, wakaenda kutufunga taratibu, na mimi goli nimeliacha, niko hapa na fimbo."

Mtu akauliza, je, nyoka mlimwua?

"Nyoka hatukumwona. Turitafuta mpaka giza. Pale kwenye robota la mwisho tulikuta mama mmoja tu na kikapu chake. Dada yake Stefano wa kiwanda cha mafuta, arikuwa amekuja kutembea. Tukamwuliza, mama, nyoka kapita wapi? Hakujibu. Amejifunika khanga uso wote. Tukasema maskini, ameshtuka."

Stefano wa kiwanda cha mafuta, Baba. Babu Stefano. Mjomba wake Mama.

Nilikuwa bado naunganisha, unajua kichwa changu kinavyokwenda polepole, nikaona watu wote wa Ngara wamegeuka kunitazama kwa mara moja. Na kutoka nyuma yao, sauti ya mkwe wangu, wazi kabisa:

"Anselmi, mwambie mkwe wangu kwamba huyo hakuwa nyoka."

Baba, watu walianguka. Akina mama walikaa chini kwenye vumbi na vitenge vyao vya safari. Anselmi alicheka kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa haliwezi. Wenyeji wanatutazama, hawaelewi. Ikabidi Anselmi afute machozi na kuwafafanulia kwamba kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso, humpisha njia, huingia hata porini. Sasa huyu alikuwa ametoa posa, pombe ya kwanza imeshanywewa, na ghafla anajikuta anamkimbilia mama wa binti kwa kasi yote, jasho linamtoka, tena kwenye kaptula fupi za mpira za wakati ule. Angefanya nini? Pamba ilikuwa karibu.

Mzee Lufunga alikaa juu ya jiwe. Akaigeuzageuza fimbo yake. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mimi nimepita hapa na fimbo maisha yangu yote bure." Ndipo nikamwambia mimi ni nani. Alinikumbatia, akanipiga mgongoni mara nyingi kuliko inavyohitajika, nadhani nyingine zilikuwa zako.

Na mimi nikaelewa kile kikombe. Ulikuwa huwezi kuendelea. Ungesemaje? Ungesimama mbele ya watoto na walevi wa Bugarama, uanze kumweka mama mkwe wako katikati ya hadithi, juu ya robota, amejifunika khanga? Hukuwahi hata kutaja jina lake. Ulikubali kijiji kizima kikuite mwongo, ukabaki kwenye ile kona, kikombe mkononi, kwa ajili ya heshima ya mtu ambaye hukuwahi kumtazama usoni. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikiogopa kwamba nitakuta ulidanganya. Wewe hukudanganya hata chembe. Ulikatiza tu pale adabu ilipokukatiza.

Na yeye alijua. "Mpelekeeni mwenye mbio." Miaka yote hiyo, kibuyu baada ya kibuyu, alikuwa anakwambia kwamba anajua, na sisi ndio tuliokuwa tunaleta ujumbe bila kuusoma.

Sasa ngoja nikwambie mechi. Nilicheza winga wa kulia, nani angenizuia siku ile? Tulifungwa. Sitaki kusema mangapi, golikipa wetu anasoma Injili vizuri na tumwachie hapo. Lakini karibu na mwisho nilipata mpira katikati. Beki wao wa kwanza alikuwa mzee kuliko mimi, nikamtoka. Wa pili alikuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu, naye namhesabu. Nikashuka upande wa kulia, goti linalia, kitambi kinatangulia, watu wote wamesimama. Nikafika karibu na kona, nikainua kichwa.

Mkwe wangu. Kwenye kiti cha plastiki, palepale, mahali pa robota la mwisho. Wenyeji walikuwa wamempa kiti cha heshima, na wamekiweka hapo kwa makusudi, watu wale hawafai.

Miguu ilisimama, Baba. Nakuapia sikuiambia. Nilitazama pembeni nikatafuta pamba, na pamba hakuna, kuna mihogo tu imeanikwa. Ndipo yeye akainuka. Akageuza mgongo, akavuta kitenge akajifunika kichwa chote mpaka kiunoni, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia:

"Mimi sipo! Pita!"

Nikapita. Nilipita kama nimefukuzwa, nikapiga krosi kwa nguvu zangu zote na macho nimefumba, na Anselmi, ambaye kwa upande ule alikuwa haoni kitu, akapigwa na mpira tumboni, ukaingia. Ngoma zikalia, king'ora kikalia, mbuzi wakahama tena. Mzee Lufunga, golikipa wa wenyeji, aliyefungwa, alikuwa anashangilia kuliko sisi. Na mkwe wangu amesimama vilevile kwenye kona, amejifunika, anauliza watu kama mkwe wake ameshapita.

Nyumbani nilimkuta Mama hajalala. Nikamweleza yote. Nilidhani atashangaa. Alimenya ndizi mpaka mwisho, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi hilo nalijua." Akanieleza kwamba wazee wa ukoo wao walikuwa wamesitasita, wanasema kijana wa kiwandani ameshaharibika, hana adabu tena. Bibi akarudi kutoka kwa kaka yake, akawaambia, "Kijana yule nimemwona. Amekubali kuchekwa na watu wote kwa ajili yangu. Mpeni binti." Hakusema mambo ya mpira, kwa sababu hakuujua mpira. Nikamwuliza Mama, sasa kwa nini miaka yote hukutuambia? Akasema, "Mlikuwa mnauliza habari za goli. Mngeuliza habari za ndoa ningewaambia."

Kwa hiyo goli halikuingia, Baba. Nashukuru. Lingeingia, ungekuwa na kombe, na mimi nisingekuwapo kukuandikia. Nimekukumbuka sana. Naandika hili mara moja tu, maana karatasi inalowa na Mama amesema mwandiko usomeke.

Nakuahidi mambo mawili. Watoto wangu nitawaamsha kwa king'ora chako, na kile kikwaruzo cha katikati nimeshakifanyia mazoezi, mbwa wa Kalebu amejibu. Na Jumamosi nitasimama na koti lako na kikombe chako, nitamtoka beki wa kwanza, nitamtoka wa pili, nitafika kwenye kona, na sitakaa. Wewe ulikuwa mkwe, ulikuwa huwezi. Mimi ni mjukuu wake, na mjukuu kumtania bibi yake hakuna wa kumzuia. Nitamtaja kwa jina, nitamkalisha juu ya robota, nitamfunika khanga, nitakutia wewe kwenye pamba mpaka viatu visionekane, na Kalebu nitamweka mbele kabisa asikie. Nikimaliza nitamimina pombe ya kwako chini, na ya kwake.

Kwaheri, Baba. Lala salama. Ila jambo moja bado linanisumbua. Bibi alitangulia huko, na wewe umemfuata, na nakujua: itakuwa tangu ulipofika unatokea mlango wa nyuma, na malaika wamechoka kupeleka maneno. Basi nenda kamwamkie. Hajifuniki tena. Na Bibi, kama unasoma na wewe, nakuomba umwambie mwenye mbio akae.

Mwanao,
Gervas